Ukuta wa nyumba ya mawe ukilowa kwa ndani: namna ya kuusaka unyevu na kuutengeneza bila kuumaliza

Rangi ikianza kuvimba ukutani kwenye nyumba ya zamani ya mawe, iwe Mji Mkongwe Zanzibar, iwe Lamu au Mji wa Kale Mombasa, usiikwangue kwanza. Na usimwite fundi aje kupiga simenti. Najua ndo kinachofanyika kila mtaa, masika yanapita, ukuta unatoa madoa, watu wanakwangua, wanapiga lipu ya simenti na rangi ya mafuta juu yake, inapendeza mpaka sikukuu, halafu mwaka unaofuata doa limerudi, safari hii limepanda juu zaidi na limekuja na harufu ya uvundo. Simenti haijayatoa yale maji, imeyafungia ndani tu. Nyumba hizi zinanisikitisha sana zinavyokwisha kwa pesa za wenyewe, mtu anajinyima anakarabati na ukarabati wenyewe ndo unaoiua nyumba, kwa hiyo naeleza hapa kazi inavyotakiwa kwenda, tokea kutafuta maji yanakotoka mpaka kupaka chokaa ya mwisho.

Kwanza uujue ukuta wenyewe. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita hivi, mwengine zaidi, na si jiwe moja mpaka ndani: kuna uso wa nje, kuna uso wa ndani, na katikati kumejazwa mawe madogo, udongo na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu, linakunywa maji, na hilo si kasoro, wazee walilijua, ndo maana walilipiga lipu ya chokaa ambayo nayo inapitisha hewa. Mvua ikinyesha ukuta unakunywa, mvua ikikatika jua na upepo vinayatoa maji, na kila baada ya muda unapakwa chokaa upya. Mzunguko huo umezibeba hizi nyumba miaka mia na zaidi.

Simenti ni ngumu kuliko jiwe na kuliko chokaa iliyoshika mawe, na haipitishi unyevu vizuri. Sasa maji yakiingia kwenye ukuta uliopigwa simenti, na yataingia tu, kwa ufa mdogo hata usioonekana au kwa chini kutoka ardhini, hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, au yanatokezea upande wa ndani, au yanakaa hapo hapo na kuozesha kila kitu. Ukitaka kuona kwa macho yako tafuta pahala lipu ya simenti imeshaachia, gonga kwa kifundo cha kidole utasikia mlio mtupu, chomeka patasi pembeni ubandue kipande. Kitatoka kizima, unene wa vidole viwili, mbele kina rangi safi kabisa, ukikigeuza nyuma utakuta kimeng'oka na uso wa jiwe, vumbi la manjano na nyuzi nyuzi nyeupe za chumvi zimeshikamana nacho, na pale ukutani jiwe limelainika unalikwangua kwa ukucha, chokaa ya katikati imekuwa unga inamwagika sakafuni yenyewe. Simenti iko nzima, ukuta ndo umekwisha. Hii ndo hasara ya kufichika ninayoizungumzia, kwa sababu anayepita nje anaona nyumba nzuri.

Na siku hizi kuna mambo mengine yanayoficha. Dari la jipsamu lililofungwa chini ya boriti, marumaru zilizopandishwa ukutani mpaka kifuani, mbao za kupambia, wolpepa. Nyumba ikiwa na hivi vitu na ina harufu ya unyevu, basi usiamini macho, fungua pahala padogo uangalie. Hasa dari la jipsamu, toa kipande kimoja kwenye kona upande wa ukuta wa nje, uingize tochi.

Sasa kutafuta maji yanakotoka. Hapa usiwe na haraka kabisa, kwa sababu ukikosea chanzo kazi yote ya mbele ni bure. Angalia doa limekaa wapi. Doa lililoanzia chini, limenyooka nyumba nzima kwa kimo cha goti mpaka kiuno hivi na ukingo wake wa juu una mstari wa chumvi nyeupe, hilo mara nyingi ni maji ya ardhini yanayopanda, au maji ya mvua yanayoruka kutoka njiani. Doa lililo juu kwenye kona, chini ya paa, hapo shutuma ni gata, bati, au ule mfereji wa katikati baina ya bati mbili ambao unajaa majani na kinyesi cha kunguru. Doa la katikati ya ukuta lisilo na mpango, hasa ukuta unaopakana na choo au jiko, hilo ni bomba. Na doa linalokuja na kuondoka hata pasipo mvua, siku ya fukuto linatoka jasho, siku ya upepo mkavu linapotea, hilo ni chumvi iliyomo ndani ya ukuta inayovuta unyevu wa hewani, na watu wanahangaika kutafuta bomba lililopasuka wakati bomba halipo.

Chora ukingo wa doa kwa penseli, andika na tarehe. Baada ya wiki angalia, baada ya mvua kubwa angalia tena. Hiki ni kitu kidogo lakini kinakwambia mengi kuliko kifaa chochote, doa linalokua wakati wa mvua tu ni la mvua, linalokua kiangazi ni la bomba au la shimo la choo.

Ukishuku bomba funga koroki zote usiku, hakikisha tenki limejaa na halivuti, soma mita, asubuhi soma tena kabla hujafungua chochote. Namba ikisogea maji yanapotea pahala. Lakini mita haitakuonesha bomba la maji machafu, na kwenye nyumba hizi ndo lenye tabu zaidi, maana vyoo vya ghorofani vingi vimewekwa baadaye, nyumba haikujengwa navyo, bomba limepitishwa ndani ya ukuta likazibwa na simenti na hakuna anayejua lilipo. Kwa hilo changanya bluu ya kufulia, iwe nzito, mimina kwenye tundu la maji la bafu kisha fungulia maji mengi na usubiri siku mbili tatu huku ukiangalia ukuta wa chini. Bluu ikitokea ukutani, umelipata bomba linalovuja.

Kama hujui unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni hewa ya chumbani, kata nailoni safi ukubwa wa daftari, bandika ukutani kwa seloteepu pande zote nne bila kuacha upenyo, iache siku mbili. Vitone vikiwa upande wa chumbani, juu ya nailoni, ni mvuke wa hewa unaogandia ukuta wa baridi, na dawa yake ni kufungua madirisha, kuacha nafasi ya kiganja baina ya kabati na ukuta, na kupunguza kupikia na kuanikia nguo ndani. Vitone vikiwa chini ya nailoni unyevu umo ukutani. Vyumba vya AC vina tabia hii sana, na AC yenyewe ina kosa jengine ambalo linaniudhi, kile kibomba chake cha kutolea maji kinaachwa kinadondokea ukuta wa nje, mchana kutwa, mwaka mzima, tone tone pahala pamoja. Nenda nje uangalie vya kwako na vya jirani wa juu. Mpira wa mita chache unaoyafikisha maji kwenye mtaro unaokoa ukuta mzima.

Vyanzo vyengine ambavyo watu hawavifikirii. Njia za mtaani zimekuwa zikipanda kila zinapotengenezwa, zege juu ya zege, mpaka sakafu ya ndani ya nyumba nyingi iko chini kuliko njia, maji yanasimama mlangoni na kuingia kwa chini. Baraza ya nje nayo ikisakafiwa simenti na mteremko ukaelekea ukutani badala ya njiani, inakusanya maji kwenye mguu wa ukuta. Kisima cha zamani uani kilichofukiwa. Shimo la choo la zamani ambalo wenyewe wamelisahau, hilo linaleta na chumvi mbaya kuliko za bahari. Mimea inayoota kwenye nyufa, hasa ya jamii ya mikuyu, mizizi inafungua njia ya maji mpaka katikati ya ukuta, na usiing'oe kwa kuivuta maana itaondoka na mawe, ikate, iue mzizi, uache ikauke ndo utoe kidogo kidogo.

Na kuna gofu la jirani. Nyumba ya pembeni ikianguka, ukuta mliokuwa mnashirikiana ambao ulikuwa wa ndani sasa umekuwa wa nje, haukupigwa lipu ya kukabili mvua, juu kichwa chake kiko wazi, kila masika unakunywa maji kutoka juu mpaka chini. Mtu anatengeneza chumba chake mara tatu nne wakati maji yanatoka upande ambao si wake. Hapo hakuna ujanja, zungumza na mwenye gofu au anayelisimamia, mufunike kichwa cha ukuta kwa chokaa na mawe kwa mteremko, na mupige lipu ya chokaa upande ule.

Kabla ya kugusa ukuta wowote, angalia boriti. Hili nalisisitiza kwa nguvu zote kwa sababu ndo linaloua watu. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyake ni vyembamba, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, vimefuata urefu wa boriti. Juu ya boriti kuna mawe na zege nzito la chokaa, uzito wake si mchezo. Vichwa vya boriti vimeingizwa ndani ya ukuta, na ukuta ukilowa vichwa vinaoza kwa ndani wakati sehemu unayoiona chumbani ni nzima, nyeusi, ngumu, inang'aa. Chukua bisibisi ndefu, panda ngazi, isukume kwenye boriti pale inapoingia ukutani, juu na chini na ubavuni. Mti mzima utakataa. Ukizama kirahisi au ukitoka na unga wa kahawia wenye unyevu, kichwa kimeoza. Angalia vile vile kama kuna mwanya umefunguka baina ya dari na ukuta, kama sakafu ya juu imebonyea upande mmoja, kama kuna njia za mchwa za udongo, kama mlango wa chumba cha juu umeanza kukwama wakati zamani haukuwa hivyo.

Ukikuta dalili hizo usiendelee na lipu. Hamisha watu wasilale chini ya dari lile, ondoa uzito juu, simtanki la lita elfu moja likijaa ni tani nzima, na weka mirunda ya kuegemeza yenye ubao mrefu juu na chini ili uzito usambae, hata sakafu ya chini isitobolewe. Halafu umwite mhandisi au fundi mkongwe wa nyumba hizi aje aone. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe Zanzibar, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yanaendelea, na watu walipoteza maisha. Jengo la zamani lililochoka huwezi kuligusa huku na kule bila kuliegemeza.

Nyufa nazo zipimwe. Ufa wa zamani uliotulia ni tofauti na ufa unaotembea. Pakaza kibandiko chembamba cha jipsamu kukatiza ufa, upana wa vidole viwili, andika tarehe juu yake. Kikikatika ukuta unatembea na hilo ni la mhandisi. Ukuta uliotoka tumbo, yaani uso wake umevimba ukiuangalia kwa ubavu, una maana uso umeachana na ujazo wa katikati, usijaribu kuusukuma wala kuupiga lipu.

Kibali pia. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tokea mwaka 2000 na Lamu tokea 2001, kwa hiyo matengenezo yanapitia kwa mamlaka inayousimamia mji, Zanzibar mamlaka hiyo ipo tokea 1985. Watu wanaikwepa wakidhani ni usumbufu. Mimi naona nenda mapema, uwaoneshe picha, na waulize mafundi wa chokaa wanaowajua, maana fundi anayejua chokaa kweli kweli ni wa kutafuta. Ukiwa umepanga nyumba ya Wakfu au ya Serikali, andika barua yenye tarehe na picha za lile doa na mistari ya penseli, usitie pesa yako kwenye ukuta bila maandishi.

Haya, chanzo kimejulikana, sasa kizibe. Paa kwanza, siku zote paa kwanza hata kama doa linalokukera liko chini. Safisha gata, badilisha misumari iliyoachia, hakikisha bomba la kushusha maji linafika mpaka chini na linamwaga mbali na ukuta, si linakatikia kwenye kimo cha dirisha linamwagia ukuta wa watu. Bomba la choo litolewe ndani ya ukuta lipitishwe nje, linaloonekana, hata kama halipendezi, kwa sababu bomba unaloliona likivuja utajua siku hiyo hiyo. Chini kwenye mguu wa ukuta ondoa ule ukanda wa zege uliogusana na ukuta, weka kokoto, toa mteremko kuelekea mtaroni. Usichimbe mtaro mrefu pembeni ya ukuta, misingi ya nyumba hizi haikwenda chini sana na ukichimba unaweza kuifungua.

Kuna watu watakuuzia dawa ya kudunga ukutani ili izuie maji yasipande. Kwenye ukuta wa tofali zilizopangwa pengine, lakini huu wa mawe una mapengo na udongo katikati, dawa inapotelea humo na pesa yako nayo. Na watapruf ya kupaka ndani ni simenti ile ile kwa jina jengine, maji yapo nyuma yake.

Kubandua simenti. Kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia juu kuteremka, patasi ilale isisimame wima, uanze pale palipo na mlio mtupu. Usitumie mashine ya kuvunjia, inautetemesha ukuta mzima na mawe ya ndani yanashuka. Ukifika pahala simenti imeng'ang'ania kiasi kwamba inatoka na jiwe, iache kwanza, ukuta ukikauka itaachia yenyewe au utairudia baadaye. Vaa barakoa na miwani, vumbi la ukungu si la kuvuta, wenye pumu na watoto wakae mbali kabisa. Marumaru za ukutani zitoke pia, najua inauma, lakini zilipowekwa hadi kifuani unyevu umehamia juu yake, utauona mstari wa chumvi umeanzia pale pale marumaru zilipoishia.

Halafu uache ukauke. Hapa ndo watu wanashindwa kuvumilia. Hesabu inayotumika sana kwa kuta nene ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi, kwa hiyo ukuta wa nusu mita, hata ukikaukia pande zote mbili, ni kwenda kwenye mwaka. Si lazima ukae na ukuta uchi mwaka mzima, lakini walau ipite kaskazi moja, Disemba mpaka Februari kuna jua na upepo mzuri, madirisha wazi, feni kama ipo. Usiweke jiko la mkaa ndani kuharakisha, hewa yake ya sumu inaua hata pasipo moshi, na ukuta unapasuka juu tu.

Ukikauka chumvi itatoka, nyeupe, kila asubuhi utaikuta. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani. Ipige brashi kavu, ikusanye kwa kizoleo, ikatupwe nje ya nyumba, urudie kila inapotoka. Ukuta wenye chumvi nyingi upige lipu ya kafara, yaani chokaa na mchanga, nyepesi, dhaifu kwa makusudi, ikae miezi inyonye chumvi, ikishajaa na kuanza kumomonyoka unaibandua unaitupa. Fundi atakwambia unapoteza chokaa, lakini ndo kazi yake hiyo.

Kutengeneza ukuta wenyewe. Kwangua viungo baina ya mawe mpaka ufike penye ugumu, toa unga na udongo uliooza, lowanisha kwa brashi, halafu jaza kwa chokaa na vijiwe vya matumbawe vya kuchomeka, usijaze shimo kwa chokaa tupu maana itasinyaa na kupasuka. Jiwe lililooza litolewe na lirudishwe jengine la matumbawe la ukubwa ule ule, moja moja, si utoe manne kwa mpigo. Kichwa cha boriti kilichooza vile vile, boriti moja baada ya moja chini ya mirunda, boriti mpya iliyokauka, na usiizungushie simenti, iachie nafasi ya hewa kichwani.

Chokaa sasa. Ile ya asili inachomwa kutokana na mawe ya matumbawe juu ya magogo, inazimwa kwa maji, inachekechwa. Ya kuzima mwenyewe ni hatari, inachemka na kurusha, ikiingia jichoni ni upofu, maji mengi safi yawe karibu na usimwage maji juu ya chokaa ukiwa umeiinamia, chokaa ndo iende kwenye maji, kidogo kidogo. Ikishazimwa iloweke kwenye pipa, juu pawe na maji, ikae, ikikaa miezi inakuwa laini na inashika vizuri zaidi. Ya mfuko ya dukani inafaa pia ukiiloweka walau siku moja kabla, hakikisha tu ni chokaa na si mchanganyiko uliotiwa simenti.

Mchanga usiwe wa pwani. Hata uoshwe namna gani unabaki na chumvi na utakuwa umejirudishia ugonjwa. Tafuta wa nchi kavu, wenye chembe kali za saizi tofauti, tia kwenye chupa na maji, tikisa, acha usiku kucha, tope likiwa ukanda mnene juu ya mchanga utafute mwengine au uoshe. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Wapo wanaotia kikombe cha simenti ili ishike haraka. Usikubali, kidogo hicho hakitoshi kuupa nguvu na kinatosha kuharibu.

Siku ya kupiga lipu lowanisha ukuta jioni yake na asubuhi tena, uwe na unyevu lakini usichirizike. Tabaka la kwanza sentimita moja tu, likwaruze kabla halijakauka, liache siku kadhaa hadi likamate, lowanisha, piga la pili, la mwisho liwe jembamba zaidi. Chokaa haikauki kwa jua, inakamata kwa hewa polepole huku ikiwa na unyevu, kwa hiyo ning'iniza magunia yaliyolowa upande wa jua na unyunyize maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Ukiona vinyufa vidogo vinatoka siku ya kwanza vibonyeze kwa mwiko wa mbao, usivipake juu. Fundi aliyezoea simenti ataona kazi haishi, atataka kumaliza kwa siku moja, na hapo ndo utamjua kama anaijua chokaa au la.

Rangi iwe chokaa. Iyeyushe mpaka iwe na uzito wa tui la pili, lowanisha ukuta, paka nyembamba mno kiasi kwamba mara ya kwanza unaona haijapaka kitu, itakuwa nyeupe ikikauka. Mara nne au tano, kila moja ikauke. Ukitaka rangi tia udongo wa rangi au rangi ya unga inayokubali chokaa. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki inayong'aa wanayoiita silki hapana, na hata zile emulsheni za plastiki za kawaida zinaziba, zitavimba tena.

Pesa ikiwa ndogo, na kwa wengi wetu ni ndogo, usigawanye kidogo kidogo nyumba nzima. Paa na gata mwaka huu, bomba la choo na ule mpira wa AC, na kubandua simenti pahala palipoachia tu. Ukuta wenye mawe wazi uliokavu hauna aibu yoyote, ni mzima kuliko uliopakwa rangi nzuri huku ndani unaoza. Lipu itakuja mwakani. Na masika yakianza panda darini mvua ikiwa inanyesha kweli kweli, uwe na tochi na penseli, uangalie maji yanapita wapi juu ya zile boriti, weka alama pale pale, kwa sababu yakishakauka hutapakumbuka.